Land Rover ya Series Iliyofungwa Diski: Kutafuta Chanzo cha Matatizo ya Breki

Land Rover za Series hazijaisha Malindi. Zipo zinazopeleka wageni Tsavo kupitia lango la Sala, zipo zinazobeba mahindi huko Marafa, na zipo chache ambazo wenyewe huzitoa nje siku za sikukuu tu, zikiwa zimesuguliwa zikang'aa. Nyingi ni Series III, aina iliyoundwa kuanzia 1971 hadi 1985, na ilitoka kiwandani ikiwa na breki za dramu (viatu vinavyotanuka ndani ya ngoma ya chuma) katika magurudumu yote manne: kwa kawaida dramu za inchi 10 kwa gari fupi la inchi 88 kati ya ekseli na ekseli, na za inchi 11 kwa gari refu la inchi 109. Warithi wake, One Ten ya 1983 na Ninety ya 1984, ndizo zilizokuja na diski mbele, yaani bamba la chuma linalobanwa na pedi pande zote mbili. Ndiyo maana mwenye Series akitaka breki bora huanza kwa kutafuta kalipa (kibanio cha pedi), diski na habu (kitovu cha gurudumu) za magari hayo, kisha huongeza busta (kisaidizi cha mguu kinachotumia mnyonyo wa injini) na masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali) ya njia mbili ili bomba moja likipasuka, angalau magurudumu mawili yabaki na breki.

Kazi hiyo ikishafanywa, malalamiko huanza siku ya pili. Pedali ni laini, au ni ngumu kama jiwe, au gari linanuka moto likifika Gede. Mwenye gari hulaumu diski, na fundi hulaumu pedi za bei nafuu. Mimi nimeona kwamba diski zenyewe huwa na kosa kwa nadra sana. Kosa hukaa pale kipande kipya kinapokutana na cha zamani: masta silinda iliyobaki ikisukuma mafuta kana kwamba mbele bado kuna dramu, hozi ya miaka ishirini iliyounganishwa na kalipa mpya, au injini isiyoweza kuilisha busta. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata dalili anayoihisi dereva mguuni, halafu unarudi nyuma hadi kwenye chanzo, badala ya kutaja kipande kimoja kimoja.

Ardhi yetu nayo ina ulaghai wake. Toka Malindi hadi Mambrui, au kushuka Gede na Watamu, hakuna mteremko wa kumfichulia dereva siri ya breki zake. Gari linaweza kuonekana zima kwa miezi miwili katika barabara ya Lamu, kisha likamwaibisha mwenyewe siku atakapopanda Mariakani na kurudi akiteremka Mazeras nyuma ya lori la makontena. Breki iliyojaribiwa mjini peke yake haijajaribiwa.

Kabla ya kugusa chochote

Handibreki ya Series haifanyi kazi kwenye magurudumu. Ina dramu yake nyuma ya giaboksi, nayo huushika mtaimbo unaopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma. Maana yake ni kwamba ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu (gia za katikati ya ekseli) itaruhusu lile lililo hewani kuzunguka upande mmoja na lile lililo chini kuzunguka upande wa pili, na gari litatembea ingawa handibreki imevutwa hadi mwisho. Weka vizuizi vya mbao au mawe mbele na nyuma ya magurudumu yaliyo chini, na uegemeze ekseli juu ya stendi za chuma. Matofali ya saruji hupasuka bila kutoa taarifa. Handibreki hiyo hiyo irekebishwe kwanza kabla ya kazi nyingine yoyote, kwa sababu haitegemei mafuta ya breki, na siku ya majaribio ndiyo tegemeo lako la pekee iwapo pedali itazama.

Vumbi lililo ndani ya dramu za zamani lisipulizwe kwa kompresa wala kwa mdomo, kwa kuwa viatu vya breki vya miaka hiyo vilitengenezwa kwa asbesto. Lilowanishe kwa maji, lipanguse kwa kitambaa, kisha kitambaa kitupwe kikiwa kimefungwa ndani ya mfuko.

Pedali laini kama sifongo

Hii ndiyo dalili inayotajwa zaidi, na pia ndiyo inayopotosha zaidi, kwa sababu watu huita "laini" mambo matatu yaliyo tofauti. Kaa kwenye kiti, injini ikiwa imezimwa, ukanyage taratibu. Ikiwa pedali inakwenda mbali lakini ikifika mwisho wake ni ngumu, na ukikanyaga mara ya pili kwa haraka inasimama juu zaidi, basi hakuna hewa: kuna nafasi kubwa mno kati ya viatu na dramu za nyuma. Ikiwa inadunda kama mpira na kila mkanyago huiongezea ugumu kidogo, hiyo ni hewa ndani ya mabomba. Ikiwa ni ngumu mwanzoni, kisha inazama polepole ukiwa umeibana kwa mguu, ni masta silinda au ni mvujo, na hilo lina sehemu yake hapa chini.

Suala la viatu vya nyuma ni rahisi na husahauliwa kwa sababu macho yote yako mbele kwenye diski zinazong'aa. Diski hujirekebisha zenyewe kadiri pedi zinavyoisha, lakini dramu za Series hazijirekebishi. Lazima uzungushe kirekebishi kilicho nyuma ya bamba la breki hadi gurudumu lishikwe kabisa, kisha ukirudishe kidogo kidogo mpaka gurudumu lizunguke huku likisikika kugusa kwa mbali. Katika magari ya pwani kirekebishi hicho mara nyingi kimeshikwa na kutu; usikipige nyundo, kipake mafuta ya kulegeza kutu usiku na urudi asubuhi.

Hewa ndiyo yenye maelezo marefu. Mafuta hayanywei yakibanwa, hewa hunywea, na kiputo kidogo tu katika kalipa hula sehemu kubwa ya mwendo wa pedali. Katika gari letu lenye usukani kulia, utoaji wa hewa huanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, yaani la nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto na mwisho mbele kulia. Anayekanyaga akanyage polepole na aiachie pedali polepole. Kukanyaga kwa pupa huvunja kiputo kikubwa kuwa povu, na povu halitoki hata ukimaliza chupa tatu za mafuta.

Ikiwa umetoa hewa mara mbili kwa utaratibu na pedali bado inadunda, acha kutoa hewa. Inama uangalie nipeli za kalipa ziko wapi. Nipeli ya kutolea hewa lazima iwe sehemu ya juu kabisa ya kalipa, kwa kuwa hewa hupanda. Kalipa ya kushoto na ya kulia hufanana kama pacha, na ukizibadilisha zitaingia kwenye bolti zake bila ugomvi, isipokuwa nipeli itakuwa chini na hewa yote itabaki juu ikikucheka. Nasema hivi kwa uzoefu: niliwahi kupoteza siku mbili nzima na kufungua masta silinda nzima bure, mpaka kijana aliyekuja kuazima spana akaniuliza, "Mzee, hizi nipeli zote kwa nini zinatazama chini?"

Masta silinda mpya nayo ijazwe mafuta ikiwa kwenye vaisi kabla ya kufungwa garini. Elekeza vijibomba kutoka kwenye matundu yake hadi ndani ya mafuta ya kopo lake lenyewe, usukume pistoni taratibu mpaka viputo viishe. Ikifungwa kavu, hewa hujificha mbele ya pistoni na haitoki kwa urahisi. Na kama umebakiza masta silinda ya zamani, usiikanyage pedali hadi sakafuni wakati wa kutoa hewa. Weka kipande cha ubao chini yake. Pistoni ikizoea kutembea sehemu moja kwa miaka mingi, sehemu ya mbele ya silinda huota kutu, na siku mpira unapolazimishwa kupita pale hukatika. Hapo ndipo gari linaloingia gereji na tatizo moja hutoka na mawili.

Kuna chanzo kingine kisichoonekana kwa macho, nacho ni hozi za mpira zilizochoka. Mwombe mtu akanyage kwa nguvu huku umeishika hozi mkononi. Ukihisi inavimba, iondoe. Hozi zote tatu zibadilishwe pamoja, yaani mbili za mbele na moja ya ekseli ya nyuma.

Pedali inazama taratibu ukiishikilia

Kwanza tafuta unyevu: kwenye maungio ya mabomba, nyuma ya kila dramu, na pale masta silinda inapokutana na busta. Mafuta ya breki hubabua rangi, kwa hiyo rangi iliyovimba kama malengelenge ni ushahidi hata kama pameshakauka.

Ikiwa hakuna mvujo popote lakini kopo linapungua, fungua masta silinda kutoka kwenye busta. Mpira wa nyuma ukipitisha, mafuta huingia ndani ya busta na kunyonywa na injini, na dereva huona moshi mweupe asioweza kuueleza. Ikiwa kopo halipungui kabisa, mafuta yanapita ndani kwa ndani kutoka mbele ya mpira kwenda nyuma yake. Kubadilisha mipira peke yake kunatosha tu kama silinda ni laini kama kioo. Yenye vishimo vya kutu itakula mipira mipya kwa majuma machache, basi heri kununua nzima.

Kwenye maungio, angalia hesi, yaani mizunguko ya skrubu. Magari haya yamepita mikono mingi, na vipande vya inchi huchanganyika na vya metriki. Nati ya bomba ya inchi 3/8 ina kipenyo cha milimita 9.5, nayo huingia kwenye tundu la milimita 10 na kuonekana kama imekaza, kwa sababu umbali kati ya hesi na hesi ni karibu sawa. Inashika kwa ncha za hesi peke yake. Siku ya kukanyaga kwa dharura ndiyo siku itakayochomoka. Vilevile mdomo wa bomba uliopanuliwa kwa mtindo mmoja hauzibi katika kiti cha mtindo mwingine, hata ukikaza mpaka nati ipasuke. Mabomba ya chuma cha kawaida sikushauri kuyatumia pwani. Aloi ya shaba na nikeli hugharimu zaidi lakini haili kutu, na hupindika bila kupasuka.

Pedali ngumu, gari halisimami

Mtu aliyetoka kwenye dramu hushangazwa na dalili hii, kwa kuwa aliahidiwa breki kali. Kiatu cha dramu kinachoelekea upande wa mzunguko hujivuta chenyewe na kujikandamiza zaidi, hivyo mguu wa dereva husaidiwa na gurudumu lenyewe. Pedi ya diski haina msaada huo. Inahitaji shinikizo kubwa zaidi, na ndiyo sababu ya busta. Diski bila busta kwenye gari zito kama hili ni kazi nusu.

Jaribu busta hivi. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga mara tano au sita ili kumaliza vakyumu (nguvu ya kunyonya) iliyobaki, kisha bana pedali na uwashe injini. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu wako, busta ni nzima. Isiposhuka, chomoa hozi ya vakyumu kwenye busta wakati injini inanguruma na uzibe mdomo wake kwa kidole. Kusiponyonya, kosa liko upande wa injini. Kukinyonya kwa nguvu, kosa ni vali ya njia moja au kiwambo cha ndani ya busta.

Upande wa injini ndio wenye mtego hapa kwetu. Injini ya petroli hunyonya yenyewe kupitia manifoldi (njia ya kuingizia hewa), lakini ya dizeli haina vakyumu ya kutosha katika manifoldi yake, kwa hiyo huhitaji pampu. Magari mengi ya Series yameshabadilishwa injini, yakapewa dizeli za Isuzu au Toyota, na baadhi ya injini hizo zina pampu ya vakyumu iliyopachikwa nyuma ya altaneta. Altaneta ikiharibika, mwenye gari hununua nyingine sokoni isiyo na pampu, taa zinawaka, betri inachaji, na breki zinakufa bila mtu kuunganisha mambo hayo mawili. Muulize mwenye gari ni lini alibadilisha altaneta. Ni swali la dakika moja, nalo huokoa siku nzima.

Busta ikiwa nzima na pedali bado ni ngumu, pima kipenyo cha masta silinda. Wengi hudhani masta silinda kubwa hutoa breki kubwa. Ni kinyume. Nguvu ileile ya mguu ikisambazwa juu ya pistoni pana hutoa shinikizo dogo. Masta silinda ya milimita 25.4 ina eneo kubwa kwa takriban asilimia 78 kuliko ya milimita 19.05, kwa hiyo ukiweka ile kubwa mahali pa ndogo, mguu lazima usukume kwa nguvu zaidi kwa kiasi hichohicho ili upate shinikizo lilelile. Upande wa pili, ndogo mno hupeleka pedali karibu na sakafu, maana pistoni nne za kalipa zinahitaji mafuta mengi. Njia ya salama ni kutumia masta silinda na busta zilizotoka kwenye gari lilelile lililotoa kalipa, badala ya kukusanya kila kipande kutoka duka tofauti.

Mwisho kabisa tazama pedi. Zikiwa na uso unaong'aa kama kioo zimeungua. Zisugue kwa msasa au uzibadilishe.

Breki zinashika zenyewe na magurudumu yanapata moto

Gari linatoka nyumbani likiwa jepesi, linafika njia panda ya Gede likivutwa nyuma, na ukilisimamisha kivulini kwa nusu saa linakuwa jepesi tena. Hapa usianze kufungua vitu ovyo. Wakati breki zimeshika, inua gurudumu lenye moto na ulegeze nipeli yake. Yakiruka mafuta na gurudumu likaachia, kuna shinikizo lililofungiwa ndani. Lisipoachia, kosa ni la kimakenika katika gurudumu hilohilo.

Kwa shinikizo lililofungiwa, rudi nyuma hatua kwa hatua. Legeza bomba kabla ya hozi: gurudumu likibaki limeshika hadi ufungue upande wa pili wa hozi, hozi imebomoka ndani na ngozi yake imekuwa vali, ikipitisha mafuta mguu unapokanyaga na kuyazuia yasirudi. Ikiwa magurudumu yote mawili ya mbele yanashika pamoja, legeza maungio ya masta silinda. Yakiachia hapo, kuna mambo mawili.

La kwanza ni vali ya kubakiza shinikizo. Baadhi ya masta silinda za magari ya dramu zina vali ndogo kwenye tundu la kutokea mafuta, inayobakiza shinikizo la takriban psi 10, yaani karibu baa 0.7, ili midomo ya mipira ya silinda za magurudumu isinyauke na kuingiza hewa. Kwa dramu ni sawa, kwa sababu springi za viatu zina nguvu za kulishinda. Kalipa haina springi. Mpira wa pistoni ndio unaoirudisha kidogo tu, na psi 10 zinatosha kuzibana pedi safari nzima. Masta silinda ya dramu ikibakizwa kwa ajili ya diski, vali hiyo iondolewe upande wa mbele, au masta silinda ibadilishwe.

La pili ni kijiti kinachosukuma pistoni. Kikiwa kirefu kupita kiasi, pistoni hairudi hadi mwisho, na lile tundu dogo linalounganisha silinda na kopo hubaki limezibwa. Mafuta yakipata moto hutanuka, hayana pa kwenda, na breki hujikaza zenyewe, jambo linaloongeza moto zaidi. Pedali iwe na mchezo mdogo unaohisika kwa kidole kabla ya kuanza kusukuma. Baada ya kufunga busta, urefu wa kijiti cha mbele ya busta upimwe pia, kwa maana kosa la milimita moja pale halionekani ukiwa umekaa kwenye kiti.

Kwa upande wa kimakenika, adui ni chumvi. Wenye magari wanaokwenda Lamu huyaacha Mokowe, wakavuka kwa mashua, na gari hukaa majuma kadhaa likipulizwa na upepo wa bahari. Kutu huota juu ya pistoni ya kalipa, pale inapochungulia nje ya kinga yake ya mpira, na pistoni hukwama. Dawa ni pistoni za chuma kisichoshika kutu pamoja na kinga mpya za mpira. Kupiga msasa pistoni iliyokwisha kuliwa ni kujidanganya. Silinda za nyuma hukwama vivyo hivyo, na gari lililokaa muda mrefu lisiondolewe kwa haraka kabla ya kuhakikisha kila gurudumu linazunguka.

Usisahau kuuliza kama kuna mtu aliyeongeza mafuta. Oili ya injini au ya usukani, hata kijiko kimoja, huvimbisha mipira ya breki mpaka ikwame. Likitokea hilo hakuna njia ya mkato: mafuta yote yamwagwe, mabomba yasafishwe kwa spiriti, na kila mpira kuanzia masta silinda hadi gurudumu la mwisho ubadilishwe.

Gari linavuta upande mmoja

Anza na yasiyo na gharama: upepo wa matairi, bolti za springi, na mchezo wa beringi za magurudumu. Kisha tafuta oili. Ekseli ya mbele ya Series ina tufe kubwa la kupindia gurudumu, lililojaa oili. Sili yake (mpira wa kuzuia oili isivuje) ikichoka, hasa tufe likiwa na vishimo vya kutu, oili hufika kwenye diski. Nyuma, oili ya difu hupenya sili ya habu na kulowesha viatu. Kabla ya kubadilisha sili kwa mara ya tatu, angalia kipumulio kilicho juu ya ekseli. Kikiziba kwa matope ya Sabaki, hewa ya ndani ikipata moto huisukuma oili nje kupitia sili yoyote, hata iwe mpya. Viatu au pedi zilizolowa zitupwe. Ule mtindo wa kuzichoma kwa petroli hausaidii, kwa kuwa oili imeshaingia ndani.

Gari likivuta kushoto, kumbuka kwamba gurudumu la kushoto huenda ndilo zima na la kulia ndilo lisiloshika.

Magurudumu ya nyuma yanakwama kwanza

Diski za mbele zikiwa sawa, hili halipaswi kutokea, na ni la hatari kuliko yote yaliyotangulia, maana nyuma ikiteleza gari hugeuka. Mara nyingi mabomba ya njia mbili yameunganishwa kinyume, au silinda kubwa za gari la inchi 109 zimefungwa kwenye la inchi 88. Yakiwa yote sawa, ndipo ufikirie vali ya kupunguza shinikizo la nyuma. Barabara ya vumbi yenye changarawe ndiyo ya kupimia, kwa mwendo mdogo, na mtu mwingine akitazama kutoka pembeni ni magurudumu yapi yanachora mistari kwanza.

Mtetemo, kelele, na pedali inayoshuka baada ya mashimo

Mtetemo mguuni hudhaniwa kuwa diski imepinda. Mara nyingi ni rangi au kutu iliyobaki kati ya diski na habu. Kwa Land Rover, diski isiyumbe zaidi ya milimita 0.15 ikipimwa karibu na ukingo. Fungua, kwangua, funga, pima tena, kisha ndipo uipeleke kukerezwa. Kelele peke yake, bila upungufu wa breki, ni kero ndogo. Pakiti ya grisi ya shaba, ikipakwa nyuma ya pedi, huimaliza.

Pedali inayokuwa chini mara ya kwanza tu baada ya barabara mbaya, kisha inarudi juu mkanyago wa pili, huwafanya watu watoe hewa bila mwisho. Tikisa gurudumu juu na chini. Beringi ikiwa na mchezo, diski huyumba na kuzisukuma pedi ndani ya kalipa. Kaza beringi, tatizo litaisha.

Pedali inafika sakafuni kwenye mteremko mrefu

Gari likipoa, kila kitu kinarudi sawa, na fundi asiyeliona tukio haamini. Mafuta yamechemka. Mafuta ya breki ya kawaida hunyonya unyevu kutoka hewani, na hewa yetu haikaukii kusi wala kaskazi. DOT 3 (DOT ni daraja la mafuta linaloandikwa kwenye chupa) mapya huchemka kwa nyuzi 205 za Selsiasi au zaidi, lakini yakishanyonya maji kiwango chake cha chini hushuka hadi 140. DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155. Kwa pwani naona DOT 4 inayobadilishwa kila mwaka ni bora kuliko mafuta ya bei kubwa yanayosahauliwa miaka minne. Chupa iliyofunguliwa ikakaa rafuni tangu mwaka jana isitumiwe. DOT 5 ni ya silikoni, haichanganyiki na hizo nyingine, na isimwagwe juu yake kwa kudhani namba kubwa ni ubora. DOT 5.1, kwa jina linalotatanisha, ni ya jamii ya DOT 3 na 4.

Kujaribu

Pedi mpya huzoeshwa kwanza: kutoka mwendo wa kilomita 50 kwa saa punguza kwa wastani hadi 10 bila kusimama, urudie mara kumi na tano hivi, ukiacha nafasi ya kupoa kati ya kila mara. Asubuhi na mapema, kabla ya malori, barabara ya kuelekea Mambrui inafaa. Siku nyingine nenda hadi miteremko ya daraja la Kilifi, uteremke ukiwa umepakia mzigo wa kawaida. Simama mahali palipo tambarare, usikanyage tena, na usogeze mgongo wa mkono karibu na kila habu bila kuigusa. Za mbele zitakuwa na joto kuliko za nyuma, lakini kushoto na kulia zifanane. Rudi nyumbani, liache gari usiku kucha juu ya makatoni, na asubuhi kabla ya kuliwasha chunguza makatoni hayo, kiwango cha mafuta kwenye kopo, na kila nati ya bomba uliyoifungua.